Kuvua wolai jioni Ziwa Mille Lacs: uzoefu wangu

Kama pesa inakutosha safari moja tu ya kuvua wolai (walleye), samaki wa maji baridi, Ziwa Mille Lacs, kule Minnesota, Marekani, chukua ya jioni, tena kwa mashua ndogo. Nilikwenda na shemeji yangu mwezi Juni, tukakodi nahodha anayefanya kazi peke yake na mashua ya alumini ya futi 16. Sisi wawili, yeye wa tatu, nafasi ikatosha.

Juni huko jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo tuliondoka gatini saa moja na bado kweupe kabisa. Hapo mwanzo tulipata visamaki vya kurudisha majini tu, na shemeji akaanza kunong'ona kwamba tumetupa hela. Nahodha hakuwa na wasiwasi. Wolai (Sander vitreus) ana utando ndani ya jicho unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika tochi macho yake yanang'aa. Giza likianza kuingia yeye bado anaona, wakati samaki wadogo anaowala wameanza kupapasa. Saa hiyo ndiyo anapanda kwenye miamba isiyo na kina kutafuta chakula.

Na kweli, jua lilipogusa maji mambo yakabadilika. Nahodha alikuwa amezima injini mapema, akatusogeza kwa mota ndogo ya betri, akashusha nanga bila kishindo kando ya mwamba. Chambo kilikuwa ruba hai. Ruba hachoki upesi. Anajinyonganyonga kwenye ndoana muda mrefu, na hilo ndilo linalomvuta samaki. Boya linateleza kwenye mshipi mpaka fundo, na fundo unalifunga kulingana na kina ili ruba aning'inie karibu futi moja kutoka chini. Boya likizama, usikurupuke. Kunja mshipi uliolegea mpaka usikie uzito, kisha inua fimbo. Nahodha alitufundisha hivyo kwa upole, akarudia kila tulipohitaji, na shemeji, ambaye hakuwahi kushika fimbo, ndiye aliyepata samaki mkubwa wa jioni ile. Alipiga kelele nadhani hadi Garrison, mji ulio kando ya ziwa, wakasikia! Usimtie kidole mdomoni samaki huyu, ana meno makali.

Kilichonipendeza zaidi ni uaminifu wake kwenye vipimo. Kila samaki alipimwa kwa rula, na asiyeruhusiwa akarudishwa papo hapo. Sheria za Mille Lacs hubadilika mara kwa mara, kwa sababu samaki wake wanasimamiwa na jimbo pamoja na jamii za Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo hilo, ambao haki yao ya kuvua ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999. Nahodha anayepuuza vipimo ziwa hili, mkimbie.

Upungufu ninaouona ni mmoja: hatukuambiwa tubebe nguo nzito. Kurudi usiku mashua ikiwa kasi, baridi inauma hata Juni. Beba koti na dawa ya mbu. Uliza pia habari za upepo kabla ya kulipa. Ziwa ni pana mno lakini kina chake hakifiki mita 15, hivyo mawimbi huinuka haraka. Nahodha wetu alitupigia simu mchana kuthibitisha kwamba kumetulia, na hilo lilinipa imani.

Samaki wachache tulioruhusiwa kubaki nao alituchunia minofu gatini. Nyama nyeupe, laini, mwiba haba. Tuliikaanga kesho yake, tukala na ugali na kachumbari, na watoto wakaomba tena.

Leseni ya uvuvi haimo kwenye malipo; kuanzia miaka 16 ni lazima, na unainunua mtandaoni kwa Idara ya Maliasili ya Minnesota. Malipo yetu yalikuwa ya mashua nzima, si ya kila kichwa, kwa hiyo tafuta mwenzako mgawane.