Kliniki ya Nairobi inayopima kifua kabla ya kutaja ukubwa

Nilikwenda katika kliniki hii kupata ushauri kuhusu vipandikizi vya matiti, na ninachokisifu kuliko yote ni kwamba daktari hakuniuliza ninataka ukubwa gani mpaka alipomaliza kunipima. Alichukua futi kamba akapima upana wa titi pale linaposhikana na kifua, na umbali kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini, kisha akaibana ngozi ya juu ya titi kwa vidole, akieleza kwamba ikiwa unene uliobanwa haufiki sentimita 2, kwa kawaida kipandikizi huwekwa chini ya msuli ili kingo zake zisionekane.

Upana huo ndio mpaka. Kipandikizi kinachouzidi husogea kuelekea kwapani au katikati ya kifua, na kilicho kizito mno huvuta ngozi, hupunguza nyama inayokifunika na baada ya muda huteremka. Hakutaka tuzungumze kwa herufi za sidiria, kwa kuwa kila kiwanda kina vipimo vyake, ilhali vipandikizi huhesabiwa kwa mililita, na mililita 300 zilezile huonekana kubwa kwa mwenye kifua chembamba na za wastani kwa mwenye kifua kipana. Sampuli nilizopewa nivae ndani ya sidiria laini, nikae na kuinama mbele ya kioo, zilikuwa zile tu zilizolingana na vipimo vyangu. Picha za watu mashuhuri nilizokuja nazo ziliwekwa kando kwa upole.

Alinieleza pia, bila kuulizwa, kwamba vipandikizi havidumu maisha yote, na kwamba mwaka 2019 vile vya BIOCELL vya kampuni ya Allergan, vyenye uso wa kukwaruza, viliondolewa sokoni kwa kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya limfu. Kwa vya silikoni, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) au altrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3.

Kasoro niliyoiona ni kubwa: karatasi ya bei haikutaja gharama ya vipimo hivyo wala ya kuvitoa vipandikizi siku za usoni. Anayekwenda aidai kwa maandishi, pamoja na jina la kiwanda na aina ya uso wa kipandikizi, kabla ya kulipa amana.