Tathmini ya Fomu 5768: karatasi moja inayowapa watu wa ustawi wa jamii nafasi bungeni

Muswada wa makazi au wa huduma za watoto unapojadiliwa Marekani, mashirika mengi ya ustawi wa jamii hunyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa msamaha wa kodi. Woga huo unawaumiza bure watu wanaowahudumia. Tangu 1976 sheria inaliruhusu shirika la 501(c)(3), yaani la hisani lenye msamaha wa kodi, kuchagua kupimwa kwa kiwango cha fedha linapowashawishi wabunge. Linachotakiwa ni kujaza Fomu 5768 ya IRS, mamlaka ya mapato ya huko. Haina ada, na maoni yetu ni kwamba kila shirika linalostahili liijaze.

Ujazaji ni mwepesi: jina, anwani, namba ya utambulisho wa mwajiri (EIN), mwisho wa mwaka wa fedha na sahihi ya ofisa mwenye mamlaka. Uzuri wake ni kwamba uamuzi huanza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwaka huo wa fedha. Kama mwaka wenu unaanza Januari, ukiituma Novemba, kazi ya Februari nayo imo. Haijazwi tena kila mwaka. Tunza nakala na uthibitisho wa kutuma.

Asiyeijaza hupimwa kwa kigezo kwamba ushawishi usiwe "sehemu kubwa" ya shughuli zake, na sheria haitaji asilimia yoyote. Aliyeijaza huhesabiwa matumizi tu. Kwa hiyo watu 50 wa kujitolea wakienda kumwona mbunge kwa nauli zao, shirika halijatumia kitu. Kwa fani inayotegemea watu kuliko pesa, hapo ndipo fomu hii inapong'ara.

Kiwango kinachoruhusiwa kwa ushawishi kwa mwaka ni asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya shirika kwa malengo yake, 15 ya 500,000 zinazofuata, 10 ya 500,000 nyingine, kisha 5 ya zinazobaki, mwisho dola milioni 1. Shirika linalotumia 800,000 lina 100,000 jumlisha 45,000, yaani 145,000. Ila robo tu ya hizo, 36,250, ndiyo inaruhusiwa kwenda kwenye kuuhamasisha umma. Ukizidisha, ziada inatozwa kodi ya asilimia 25.

Robo hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Barua kwa mbunge ya kuunga mkono muswada ni ushawishi wa moja kwa moja. Bango linalousifu muswada na kuuambia umma "mpigieni mbunge wenu" ni uhamasishaji. Lakini hoja ikipelekwa kwenye kura ya wananchi, wapiga kura ndio watunga sheria, hivyo kuwaomba waipitishe ni ushawishi wa moja kwa moja. Wasiojua hili huibana kampeni yao bila sababu.

Udhaifu wa fomu? Haikufundishi kuweka hesabu. Asubuhi ambayo mfanyakazi anaandaa hoja za kumshawishi mbunge ina sehemu ya mshahara wake, na lazima iingizwe. Ongezeni safu moja kwenye karatasi ya saa za kazi, la sivyo Jedwali C la Fomu 990, taarifa ya kila mwaka ya shirika kwa IRS, litajazwa kwa kukisia. Maoni juu ya kanuni za wizara hayahesabiwi kuwa ushawishi, wala ushahidi ulioombwa kwa maandishi na kamati ya bunge. Barua ya ombi itoke kwa kamati yenyewe. Ya mbunge mmoja haitoshi.

Fomu hii haigusi kampeni za wagombea. Marufuku kwa shirika ni kamili. Mfanyakazi anaweza kumpigia debe mgombea kama raia: nje ya saa za kazi, kwa simu yake, bila nembo ya ofisi. Makanisa na wakfu binafsi hawaruhusiwi kuitumia. Na ruzuku ya serikali kuu haitumiki kuwashawishi wabunge hata fomu ikiwa imepokelewa, kwa hiyo tenganisheni hesabu za fedha hizo kabla ya barua ya kwanza kwenda bungeni.