Mashine ipi ununue kwa seva ya muktadha wa msimbo: kuanzia bora hadi ya kukwepa

Seva ya muktadha ni programu inayokaa kwenye mashine yako, inasoma hazina ya msimbo na kuiwekea faharasa. Msaidizi wa akili mnemba anapotaka kujua funksheni fulani inaitwa kutoka wapi, seva inampa mistari inayohusika badala ya faili zote. Tangu Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP, yaani kanuni za kumuunganisha msaidizi na zana za nje, Novemba 2024, kuunganisha seva ya namna hii na kihariri kumekuwa kazi ndogo, na seva nyingi ni za bure. Kinachogharimu ni mashine ya kuiendeshea, na wengi hukimbilia kadi kubwa ya michoro kabla hawajapiga hesabu.

Tuipige. Chukua mradi wa mistari milioni 1, uukate vipande vya mistari 50. Unapata vipande 20,000. Modeli ndogo ya vekta (orodha ya namba inayowakilisha maana ya kipande) kama nomic-embed-text hugeuza kila kipande kuwa namba 768, na kila namba huchukua baiti 4. Jumla ni kama MB 61 tu. Faharasa yote ya mradi mkubwa inaenea hata kwenye simu. Modeli yenyewe ina vigezo (namba zilizofunzwa ndani yake) milioni 137, kwa hiyo prosesa ya kawaida inaimudu. Itachukua muda mara ya kwanza, lakini baadaye inashughulikia faili zilizobadilika tu.

Mlaji halisi wa RAM ni seva ya lugha, yaani ile inayoelewa aina za data na kufuatilia jina linatumika wapi. rust-analyzer (ya Rust) au clangd (ya C na C++) kwenye mradi mkubwa hula GB kadhaa bila shida. Ongeza kihariri, kivinjari na Docker ya kuendeshea kontena, na GB 8 zimekwisha kabla hujaanza kazi. Basi vipimo vyangu vya kuchagua mashine ni hivi: kwanza RAM, pili SSD ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) kwa sababu kuweka faharasa ni kusoma faili ndogondogo maelfu kwa maelfu, tatu prosesa. Kadi ya michoro inakuja pale tu unapotaka modeli ya lugha, ile inayojibu maswali, nayo ikae kwako.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta uliyonayo, ukiiongezea RAM hadi GB 32 na SSD nzuri. Msimbo uko hapo tayari, na seva huzungumza na kihariri kupitia stdio, njia ya ndani kati ya programu mbili, bila poti yoyote kufunguliwa kwenye mtandao. Faili ulilohifadhi sekunde hii seva inaliona sekunde hii. Hakuna mashine ya pembeni inayokupa hilo bila kuhangaika na kusawazisha faili. Ila angalia kwanza kama RAM yako inabadilishika. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba zimechomelewa RAM kwenye ubao mama, na hapo hakuna cha kuongeza.

Ya pili ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, zile za ukubwa wa kitabu kinene: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Nyingi zina nafasi mbili za RAM na moja ya NVMe, zinakula umeme kidogo na zinaweza kuwaka mwaka mzima. Ni chaguo bora kwa timu ndogo inayotaka faharasa moja ya pamoja. Hapa utatumia MCP kwa njia ya HTTP, kwa hiyo seva isiachwe wazi kwa kila aliye kwenye mtandao. Iweke nyuma ya VPN au njia iliyosimbwa ya SSH, na udai tokeni ya siri kwa kila anayeunganisha. Kompyuta ndogo mpya zenye Intel N100 huonekana kama mbadala, lakini prosesa hiyo ina njia moja tu ya kumbukumbu na Intel huitaja kikomo chake kuwa GB 16. Kwa mradi mmoja inatosha. Kwa timu, hapana.

Ya tatu ni Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024 ikianzia GB 16. Ni tulivu na ina kasi, na kumbukumbu yake hutumiwa na prosesa na sehemu ya michoro kwa pamoja, hivyo modeli ndogo ya lugha inaweza kuishi humo humo. Kilichoishusha hadi nafasi ya tatu ni kwamba RAM haiongezeki baada ya kununua. Ukiichagua, lipia GB 24 au zaidi siku ile ile.

Mashine yenye kadi ya michoro ya kumbukumbu ya GB 24, kama RTX 3090, naiweka ya nne, na nasisitiza kwamba ni ya nne kwa kazi hii ya muktadha. Kama hutaki kipande chochote cha msimbo kitoke nje, inapanda hadi ya kwanza. Usisahau jambo hilo: seva ikikaa kwako lakini modeli iko kwa kampuni nyingine, vile vipande vinavyochaguliwa bado vinasafiri kwenda huko. Modeli ya vigezo bilioni 32 iliyobanwa hadi biti 4 huchukua takribani GB 20, na kila tokeni (kipande cha neno) inayoandikwa inahitaji modeli yote isomwe upya. RTX 3090 husoma GB 936 kwa sekunde, kwa hiyo kikomo cha nadharia ni kama tokeni 46 kwa sekunde; M4 Pro, chipu kubwa zaidi ya Mac mini, yenye GB 273, inaishia 13. Tofauti hiyo utaihisi kila unapouliza swali. Lakini 3090 huvuta hadi wati 350, hivyo bajeti ijumuishe pawa saplai ya kutosha na kipoozeo.

Raspberry Pi 5 ni ya mwisho. Ya GB 16 yenye NVMe itafanya kazi kwa mradi mdogo, ila kuunda vekta mara ya kwanza ni polepole na seva nzito za lugha huilemea. Na NAS, kisanduku cha hifadhi cha mtandao wa ndani, yenye diski za kuzunguka sikuipa nafasi kabisa.

Ukinunua iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji. Endesha smartctl uone SSD imeandikwa kiasi gani, kisha memtest86+ ya kupima RAM angalau mzunguko mmoja. Ukifika nayo nyumbani, kabla ya kuweka faharasa ya kwanza, ondoa node_modules (maktaba za watu wengine), faili za .env zenye siri na funguo zote kwenye orodha ya vinavyosomwa.