Nungwi au Paje: wapi kupumzika na watoto?

Kila likizo mjadala ni huo huo. Mimi huanza na maji, maana ndiyo yaliyotutoa nyumbani. Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari haitoroki. Hata maji yakipwa, mtoto anaoga karibu na mchanga mchana kutwa. Paje, pwani ya mashariki, ni habari nyingine. Maji yakitoka, yanatoka kweli, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na kuoga kunasubiri saa kadhaa. Lakini hapo ndipo watoto wangu hufurahi zaidi: vidimbwi vya maji ya vuguvugu, kaa, viti vya pweza (nyota wa bahari), na kina mama wakishughulikia mwani wao. Wavisheni viatu, kuna viumbe wenye miiba. Na msikanyage mistari ya mwani, ni riziki ya watu.

Joto? Paje ina upepo mzuri, ndiyo maana wachezaji wa tiara za baharini wamejaa. Watoto wadogo waogee mbali nao. Nungwi kuna kasa wa bwawa la Mnarani wa kuwatazama jua likiwa kali.

Gharama hazipishani sana mkipanda daladala na kubeba chakula chenu. Kutoka Mjini Unguja, Paje ni karibu kidogo kuliko Nungwi.

Mwenye watoto wanaotaka kuogelea tu, Nungwi. Mwenye wadadisi, au bibi anayependa upepo, Paje, ila aulize kwanza saa za maji kujaa.