Mafuta yenye harufu ya limau kwa manukato: ununue yapi Dar

Ukiulizia mafuta ya limau kwenye maduka ya udi na uturi Kariakoo, unaweza kupewa chupa za mimea tofauti kabisa. Kwa anayetengeneza manukato ya asili, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Namba moja kwangu ni mchaichai, tena bila kusita. Harufu ya limau inatokana hasa na sitrali, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea hii, na kwenye mafuta ya mchaichai sitrali hufika asilimia 70 hadi 80, ilhali kwenye ganda la limau ni asilimia chache tu. Ndiyo maana matone machache yanatosha. Ukipata yanayotoka Pemba, ambako kiwanda cha mafuta ya karafuu cha ZSTC (Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar) hutoa pia ya mchaichai, chukua.

Soma jina la kitaalamu kwenye lebo. Cymbopogon citratus au flexuosus ni mchaichai. Ikiandikwa nardus au winterianus, hiyo ni sitronela, ndugu yake, yenye harufu ya mishumaa ya kufukuzia mbu. Naiweka mwisho kabisa: kwa mbu inafaa, kwa manukato inafunika kila kitu.

Ya pili ni Litsea cubeba, mafuta ya vitunda vidogo kutoka China. Nayo ina sitrali nyingi, lakini ni tamu na haina ule ukali wa majani. Ukiyaona, usiyaache.

Limau lenyewe ni la tatu. Linanukia vizuri mno, ila linapotea upesi. Tena mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda bila moto yanaweza kuunguza ngozi ikipigwa jua, na jua la Dar sote tunalijua. Yatie kwenye nguo.

Kabla ya kulipa, omba tone moja kwenye karatasi nyeupe. Yakibaki na doa la mafuta kama la chapati hata baada ya kukauka, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengineyo. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia. Ya plastiki iache hapohapo.

Nyumbani weka kwenye friji, kifuniko kikikazwa. Usipake mchaichai mtupu mwilini, maana sitrali huwasha: matone matatu kwa mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha, na ujaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake.