Kibiriti cha Kuwashia Moto Ufukweni Lamu: Kipi Ununue, Ukibebe Vipi

Mwenye haraka nampa jibu mapema: nunua kibiriti cha kawaida cha njiti za mbao, kile kile cha dukani, na pesa unazotaka kuongeza ziende kwenye kopo la kukitilia. Kwa anayevuka kwenda Manda kuchoma samaki, au anayelala Kiwayu na mashua, hicho ndicho cha kwanza katika orodha yangu. Wanunuzi wengi hutazama vichwa vya njiti tu. Mimi natazama ubavu wa kisanduku, ule mkanda wa kahawia wa kukwaruzia, kwa sababu kwa hewa ya huku kwetu ubavu ndio unaokufa kwanza.

Kichwa cha njiti ya kawaida kina kloreti ya potasiamu, ambayo kazi yake ni kutoa oksijeni, pamoja na salfa na gundi. Ukikikwaruza ukutani, kwa kawaida hakiwaki. Fosforasi nyekundu, iliyochanganywa na unga wa glasi, imepakwa ubavuni, na hapo viwili hivyo vikikutana ndipo moto unapopatikana. Hila ya kuzitenga dawa hizo ilianzia Uswidi, Gustaf Erik Pasch alipopata hataza yake mwaka 1844. Kabla yake, tangu John Walker alipoanza kuuza njiti zake Stockton-on-Tees, Uingereza, mwaka 1827, dawa yote ilikaa kichwani, na zile za fosforasi nyeupe zilizofuatia ziliweza kuwaka zenyewe mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo usalama umenunuliwa kwa kutegemea ule mkanda. Fosforasi nyekundu ikikaa kwenye hewa yenye unyevu hugeuka polepole kuwa asidi, na asidi hiyo nayo huvuta maji zaidi. Gundi inalainika. Ukija kukwaruza, ubavu unabanduka kama tope huku kichwa cha njiti kikiwa kizima kabisa. Umebaki na njiti nzuri tele na huna pa kuziwashia.

Dukani, kabla hujalipa

Kitikise kibiriti karibu na sikio. Kikavu hulia chakachaka. Kilichonyonya unyevu sauti yake ni nzito, kama njiti zimeshikana. Kisha kifungue. Ukiona unga mwekundu au mweusi chini ya kidroo, vichwa vimeanza kupukutika, kirudishe. Vichwa vizuri vina ngozi laini isiyo na nyufa, na vyote vina ukubwa unaokaribiana. Kile chenye njiti mbili zilizoungana vichwa kilitengenezwa ovyo, na humo ndani hazitakuwa hizo mbili tu.

Halafu ubavu. Upitishe ukucha mkavu kwa wepesi. Ukisikia mparuzo wa msasa, ni mzima. Ukucha ukiteleza na kuacha alama yenye kung'aa, au ukitoka na rangi, huo umekwisha hata kama kisanduku kinaonekana kipya.

Na uliza kilikuwa kimekaa wapi. Maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu, yako ndani kidogo, ukuta mnene, upepo wa chumvi hauingii sana. Kibanda kinachotazama maji kinapigwa na bahari mchana na usiku. Muuza duka mwenyewe anajua, ukimuuliza kwa adabu:

"Ami, hiki kimekaa tangu lini?"

"Hicho cha juzi, mwanangu. Kile cha dirishani usikichukue, hicho ni cha kuwashia ubani tu."

Nunua vitatu kwa mpigo. Hata vitatu havifikii bei ya chupa ya soda, na sababu ya kununua vitatu si njiti nyingi, ni kupata bavu za akiba.

Orodha yenyewe

*1. Kibiriti cha kawaida cha njiti za mbao.* Ni rahisi, kinapatikana kila mtaa, na njiti ikidondoka popote bila ubavu wake haina hatari kubwa. Udhaifu wake ni upepo na maji. Maji ya bahari yakiingia kisandukuni usijisumbue sana: kloreti huyeyuka, na njiti iliyolowa chapachapa, hata uianike juani mpaka ikauke, mara nyingi huwaka nusu au haiwaki. Iliyopata unyevu tu ni habari nyingine. Ianike, au ifikiche kichwa kwenye nywele kavu kama wafanyavyo wavuvi, na mara nyingi itafufuka.

*2. Njiti za dhoruba.* Hizi ni nene, dawa imepakwa mpaka karibu nusu ya mti. Za kampuni ya UCO, kwa mfano, huwaka sekunde 15 hivi, upepo hauzizimi, na ukiichovya majini ikiwa inawaka, ukiitoa huendelea. Usitarajie kuzipata duka la jirani. Ni za kuagiza. Nimeziweka za pili, ingawa mwenye duka la vifaa vya safari angeziweka za kwanza, kwa sababu mbili. Kwanza nazo zinahitaji ubavu wake maalumu, na ubavu huo unyevu unaula kama mwingine wowote. Pili, ule ukali wake ni hatari yake. Njiti isiyozimika kwa kupulizwa, katika mji wenye mapaa ya makuti na upepo wa kusi, si kitu cha kutupa ovyo ikikuunguza kidole. Ishike mpaka iishe, halafu mabaki uyatie majini. Beba chache, kando, kwa siku mbaya, na zile za kila siku ziwe za mbao za kawaida.

*3. Kibiriti cha gesi.* Ni cha kuandamana na namba moja. Kikilowa, ukikipuliza gurudumu na kulisugua kwenye nguo, kwa kawaida kinarudi kazini. Lakini chumvi hukamata gurudumu, mchanga wa Shela huziba kitundu, na kwenye upepo kidole gumba kinaungua kabla kuni hazijashika. Vingi vimeandikwa ubavuni visiachwe penye joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Sitaha ya mashua saa saba za mchana, au dashibodi ya gari lililoachwa Mokowe, si pahali pake. Nunua kinachoonyesha gesi ndani, ujue umebakiwa na nini.

*4. Kijiti cha chuma cha cheche,* kile cha kukwangua kwa mgongo wa kisu. Hakiogopi maji hata kidogo na kinadumu miaka. Ila kinatoa cheche tu, hakitoi mwali, na asiyejua kufumua usumba mkavu, zile nyuzi za ganda la nazi, mpaka uwe kama pamba atakwangua mpaka wenzake walale njaa. Kwa mwenye mazoezi kingepanda juu.

*5. Njiti za karatasi,* zile za kijitabu. Zinapinda, hazina urefu, zinalowa kwa jasho tu. Za mshumaa wa sebuleni.

*6. Njiti zinazowaka popote.* Nimeziweka mwisho kwa makusudi. Zina dawa yote kichwani, kwa hiyo kichwa kikisuguana na jiwe, msumari au kichwa kingine, moto. Wapo wanaozisifu kwa kuwa hazidai ubavu, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini chomboni, karibu na petroli, sitaki kitu kinachowaka kwa kusuguliwa na chochote. Ukiwa nazo lazima, zipange vichwa upande mmoja, uzibane kwa pamba zisitikisike.

Kopo

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Tafuta chupa ndogo ngumu yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha: ya vidonge, au ya plastiki nene iliyokuwa na viungo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata ingekuwepo isingefaa, inatoboka. Ijaribu chupa kwanza: tia karatasi ya shashi ndani, funga, izamishe kwenye ndoo huku umeikandamiza kwa jiwe, uitoe baada ya kula chakula cha mchana. Shashi ikiwa kavu, umepata kopo.

Zitie njiti vichwa juu. Kata ubavu wa kisanduku kwa mkasi, uukunje upande wenye dawa ukiwa ndani, uuzungushie kipande cha karatasi, uuweke ukutani mwa chupa usigusane na vichwa. Weka bavu mbili, si moja. Juu yake tia pamba ili kitu kisicheze, pamoja na kile kifuko cha chembechembe kinachokuja ndani ya viatu vipya. Ukikosa, punje za mchele uliokaangwa bila mafuta, kama tunazotia kwenye chumvi, zinasaidia kiasi. Fanya kazi hii mchana wa jua, mikono mikavu isiyo na chumvi. Ukifunga chupa usiku wa umande, umefungia unyevu ndani.

Wanaopenda kuchovya vichwa kwenye nta ya mshumaa, ni sawa, ila nta iyeyushwe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na njiti zisogezwe karibu baada ya jiko kuzimwa. Chovya kichwa na mti kidogo, acha ipoe. Kabla ya kukwaruza, ing'oe nta kwa ukucha. Isipong'olewa inaupaka ubavu mafuta, na ubavu wenye mafuta hauna tofauti na uliolowa.

Njiani na chomboni

Kibindo cha kikoi ni pahali pabaya pa kutia kibiriti, ingawa ndipo mikono inapokwenda yenyewe. Jasho linakimaliza kabla ya mawimbi. Gawa mara mbili: chupa moja ndani ya mfuko mkuu, nyingine kwa mtu mwingine, ili mfuko mmoja ukianguka majini msikae gizani wote.

Kwenye mashua yenye mashine, mtungi wa petroli ukae tezi, yaani nyuma, vibiriti vikae omo, mbele. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu, unatuama ngamani, chini kabisa ya chombo, na unaweza kufuata mwali kutoka mbali. Wakati wa kujaza mafuta hakuna sigara, hakuna kibiriti, na baada ya kujaza subirini upepo upite. Watoto wasipewe chupa ya njiti waishike "kidogo tu".

Kuwasha kwenye kusi

Andaa kila kitu kabla ya kukwaruza: usumba uliofumuliwa, karara kavu la mnazi lililochanwa nyembamba, vijiti, halafu vifuu na kuni kubwa. Mikoko usiikate, ukataji wake unahitaji kibali, na ufukweni huwa kuna magogo makavu yaliyoletwa na maji. Chimba shimo la kina cha kiganja, mchanga uuweke upande unakotoka upepo. Upe upepo mgongo, kwaruza ndani ya viganja vilivyokunjwa, kichwa kikiwa kimeinama chini kidogo ili mwali upande mti. Usikimbilie kuni, ngoja mti wenyewe ushike.

Usiwashe juu ya vilima vya mchanga vya Shela. Mimea ile ndiyo inayoshika mchanga, na vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Shuka chini, karibu na mstari wa maji. Mkimaliza, mwagieni moto maji ya bahari, mkoroge, mmwage tena. Kuufukia kwa mchanga tu ni kumtegea mwenzako: makaa yakifukiwa hukaa na joto kwa saa nyingi, na watu hupita pwani pekupeku.

Kwa mgeni anayekuja au kuondoka kwa ndege kupitia Manda: kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kisanduku kimoja kidogo cha njiti za kawaida au kibiriti kimoja cha gesi, tena mwilini, si kwenye begi la mkononi wala lile linalowekwa chini ya ndege. Njiti zinazowaka popote haziruhusiwi kabisa. Za dhoruba ziulizie kwa shirika mapema, au ununue vya kawaida ukishafika.