Imprimatur ya jimbo: huduma nzuri, ila usiwe na haraka

Mwenye mswada wa katekisimu au kitabu cha sala hana pa kuikwepa ofisi ya askofu. Kanuni za 826 na 827 za Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinadai kibali cha kuchapa, yaani Imprimatur (Kilatini “na kichapwe”), kwa vitabu hivyo, pamoja na vitabu vya kiada vya Maandiko, teolojia, historia ya Kanisa na maadili. Riwaya yako haihusiki. Kitabu cha tafakari unashauriwa tu kukipeleka, lakini ushauri huo una meno: kitabu cha dini kisicho na kibali hakiruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa kanisani, na wateja wake wengi wako pale pale, wakitoka Misa.

Jimbo la kupeleka unachagua mwenyewe, ama unakoishi ama kitabu kinakotolewa. Anayeishi Songea na kutolea kitabu Dar es Salaam ana milango miwili. Mtawa apate pia ruhusa ya mkuu wa shirika lake. Mswada hupewa mhakiki, naye hutoa maoni kwa maandishi. Asipoona kosa la imani au maadili, huandika Nihil obstat, yaani “hakuna kizuizi”. Imprimatur yenyewe hutolewa na askofu au makamu wake, ndiyo maana wakati mwingine jina lililochapwa si la askofu. Kibali kikikataliwa, mwandishi lazima aelezwe sababu. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika huduma hii, kwani wachapishaji wengi hukataa mswada kimya kimya.

Udhaifu ni muda. Kanuni ya 830 haimwekei mhakiki siku ya mwisho, naye mara nyingi ni padre mwenye parokia au vipindi vya kufundisha seminarini. Kwa hiyo usipange kurasa wala kulipia mashine kabla ya jibu. Sentensi tatu zikiondolewa, kurasa zote zinasogea na orodha ya yaliyomo inaharibika. Peleka mswada safi wenye namba za kurasa, utaje tafsiri ya Biblia uliyonukuu na chanzo cha kila sala. Sala isiyojulikana ilikotoka humchelewesha sana mhakiki.

Kosa la wachapaji linalokera zaidi ni kunakili Imprimatur ya kitabu cha Kiingereza na kuibandika kwenye tafsiri ya Kiswahili. Kanuni ya 829 iko wazi: kibali ni cha maandishi asilia, hakihamii kwenye tafsiri wala toleo jipya. Na “Kwa idhini ya Kanisa” peke yake haitoshi. Jina la aliyetoa, mahali na tarehe vyote vichapwe.

Mnunuzi naye asidhani askofu anakubaliana na kila hoja ya mwandishi. Kibali hakisemi hivyo, wala hakithibitishi ufasaha: vipo vitabu vyenye Imprimatur halali na Kiswahili cha kusikitisha. Lugha mpelekee mhariri kwanza, ndipo uende jimboni, maana ukibadilisha maandishi baada ya kibali, kilichokubaliwa si hicho tena unachochapa.